Ubichi wa Mboga Nao Una Bei

Wadi ya Gatuanyaga iko mashariki mwa mji wa Thika, katika ardhi inayoteremka kuelekea Mto Athi na Kilimambogo. Biashara yake ya mboga imeegemea Barabara ya Garissa. Humo hupita sukuma wiki, nyanya, hoho, kunde, terere na mishiri ya mashamba ya karibu, na humo pia hupita shehena kutoka Matuu na Yatta, ambako mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya Mau Mau bado unachota maji ya Mto Thika. Mazao haya yakifika masoko ya Makongeni, Jamhuri au Madaraka huhesabiwa kwa magunia, kreti na mafungu, na karibu kila mjadala kuhusu soko huishia kwenye hesabu hiyo: gunia ni shilingi ngapi leo, broka amechukua ngapi, mama mboga amebaki na ngapi. Hesabu hiyo inaacha nje kitu kimoja ambacho Gatuanyaga inacho na maeneo mengi yanayolisha Nairobi hayana, yaani ukaribu. Kutoka shambani hadi sufuria ya Thika ni safari ya chini ya saa moja. Saa zinazookolewa hivyo ni mali, na hoja ya makala haya ni kwamba soko letu halijajifunza kuzilipia. Mkulima hupoteza, mama mboga hupoteza, na mpishi nyumbani hulipia hasara za wote wawili.

Tuanze na jani lenyewe. Sukuma wiki ikichumwa haifi papo hapo. Huendelea kupumua, ikila akiba yake ya sukari na kupoteza maji, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Sasa litazame gunia jinsi linavyopakiwa. Mkulima hulipwa kwa gunia, kwa hiyo anayelinunua humtaka alishindilie mpaka lisiingie jani jingine, kisha mdomo huongezwa kwa wavu na kamba mpaka gunia lifure. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukilifungua baada ya safari, majani ya kando bado ni ya kijani, lakini ya katikati yana joto la mkono, yamelegea, na mengine yameanza njano. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na wakulima wa viazi wamezipigania. Mboga za majani hazijapata mtetezi wa namna hiyo, ingawa ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa kiazi huvumilia kubanwa na jani halivumilii. Kipimo kinachotuza ujazo humwadhibu anayetunza ubichi: mwenye kufunga mashada mepesi, akayaweka kivulini na kuyanyunyizia maji, ataonekana kuleta kidogo.

Njia nayo inaongeza hasara. Sehemu kubwa ya mazao ya ukanda huu huvutwa na Nairobi, iliyo kilomita 45 hivi kutoka Thika kwa barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012. Lori huondoka jioni, huingia soko la Marikiti usiku, na kabla ya alfajiri wachuuzi kutoka pande zote wamefika kununua, wakiwemo wa Ruiru na Githurai. Kwa hiyo terere inaweza kupita Ruiru usiku ikielekea jijini, kisha ikarudi Ruiru asubuhi mgongoni mwa matatu, ikiwa imeshalipiwa nauli mara mbili, wabebaji mara mbili na ushuru wa soko mara mbili. Tuchukue mfano mwepesi wa gharama iliyojificha. Mama mboga akinunua mashada 100 na 20 yakanyauka kabla ya kuuzwa, yale 80 yaliyobaki lazima yarudishe gharama ya yote 100. Hata asipojitafutia faida ya ziada, bei ya kila shada imeshapanda kwa asilimia 25. Hakuna aliyemwibia mnunuzi. Amelipia majani yaliyotupwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika madukani, na mboga na matunda ni miongoni mwa vinavyopotea zaidi.

Ajabu ni kwamba soko dogo la mtaani linajua tayari kwamba ubichi una bei, ila linaisema kwa lugha yake. Angalia fungu la nyanya. Asubuhi ni nyanya nne zilizopangwa, tatu chini na moja juu, na muuzaji hasogei. Jioni bei ya fungu ni ileile, lakini mnunuzi akisema "niongezee" anapata ya tano, na giza likikaribia anapata ya sita. Nyongeza hii watu huiona kama ukarimu au njia ya kumshika mteja, na ni kweli ina utu ndani yake. Lakini kiuchumi ni punguzo la bei linalofuata saa, lililobuniwa na wauzaji wasiokuwa na jokofu. Vivyo hivyo huduma ya kukatiwa mboga. Mtu anayeshuka matatu saa moja usiku huko Makongeni au Ruiru hukuta sukuma imeshaoshwa na kukatwa nyembamba, minji imeshamenywa, githeri imeshachemshwa na inapimwa kwa kikombe. Hapo mama mboga anauza dakika za mpishi. Kwa sababu sukuma iliyokatwa huharibika upesi kuliko nzima, kazi hiyo inawezekana tu pale mboga inapofika ikiwa mbichi.

Hapo ndipo jiko linapoingia katika uchumi, na ni kosa kuliacha nje. Mboga iliyochumwa asubuhi huhitaji moto kidogo: kitunguu, mafuta kiasi, nyanya, kisha majani kwa dakika chache, na gesi imeokolewa. Mboga ya siku tatu hudai kuchambuliwa, robo yake hutupwa, na mpishi huichemsha zaidi ili ilainike, hivyo vitamini C iliyosalia humwagwa na maji. Mahindi mabichi na maharagwe mabichi hutoa githeri kwa sehemu ndogo ya muda ambao nafaka kavu huhitaji. Mpishi anayenunua kwa msimu naye huyumba kidogo bei zinapobadilika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, terere, kunde na managu huwa tele na bei hushuka. Kiangazi kinapobana, sukuma ya kumwagiliwa hupanda. Nyumba inayojua kupika mboga tano hubadilisha na soko. Inayojua sukuma pekee hulipa chochote inachoambiwa. Maarifa ya kuondoa uchungu wa managu kwa maziwa, au kuchanganya kunde na mboga laini, yanaweza kuonekana mambo ya nyanya zetu tu, lakini yanaokoa pesa leo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni ukubwa wa soko. Wapo watakaosema kwamba Thika haiwezi kumeza mazao yote, na kwamba mkulima akifungiwa humo bei itaanguka siku ya mavuno mengi. Pingamizi hili lina uzito, na sidai kwamba njia ya Nairobi ifungwe. Lakini tuhesabu kwanza. Sensa ya 2019 ilikuta watu 251,407 katika mji wa Thika na 490,120 Ruiru, jumla 741,527. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku. Kama kila mmoja angekula kiasi hicho, miji hii miwili ingehitaji takriban tani 297 kila siku. Hatuli kiasi hicho, na umaskini ni sababu mojawapo, lakini sababu nyingine ni kwamba tunalipia hasara ya njiani. Soko liko mlangoni. Kinachokosekana ni njia fupi ya kulifikia.

Pingamizi la pili humtazama broka na kusema kwamba tatizo ni yeye, basi aondolewe. Nadhani hili ni kosa. Broka hulipa taslimu shambani, hujua lori lililo tupu na mnunuzi anayeaminika, na gunia likioza njiani hasara mara nyingi ni yake. Historia ya karibu inatuonya. Kampuni ya Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilianza na ndizi ikitaka kumuunganisha mkulima na mama mboga kupitia simu, na wawekezaji waliipa mamilioni ya dola. Kufikia 2023 ilikuwa imepunguza mamia ya wafanyakazi. Wazo halikuwa baya, ila kazi ya kukusanya vifurushi vidogo kutoka mashamba mengi na kuvigawa kwa vibanda vingi ina gharama halisi, na broka anaifanya kwa bei nafuu kwa sababu anaijua. Broka abaki, ila kanuni za mchezo zibadilike: anunue kwa kilo na kwa daraja la ubora, na hapo maslahi yake yatamvuta kutunza jani kama yanavyomvuta leo kulishindilia.

Wengine huona jibu katika supamaketi, zenye rafu safi na baridi. Kwa mnunuzi mwenye gari na jokofu, hilo ni jibu zuri. Kwa mkulima wa ekari moja lina masharti magumu: ugavi usiokatika, ukubwa unaolingana, na kusubiri malipo kwa wiki kadhaa. Wakenya wanakumbuka Nakumatt, iliyofungwa mwaka 2020 ikiwa na deni la mabilioni ya shilingi kwa waliokuwa wakiipelekea bidhaa. Soko la wazi lina vumbi, lakini hulipa papo hapo, kwa noti au kwa M-Pesa, na mkulima hurudi nyumbani na nauli ya kesho.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama wa chakula, na halistahili kupuuzwa kwa sababu ya mapenzi ya vya kwetu. Mto Nairobi, uliobeba uchafu wa jiji, humwaga maji yake katika Mto Athi kabla ya Athi kufika maporomoko ya Fourteen Falls, karibu kabisa na mashamba haya. Mboga iliyomwagiliwa kwa maji hayo inaweza kung'aa sokoni na bado ikawa hatari, hasa ikiliwa mbichi kwenye kachumbari. Dawa za kuua wadudu nazo hupuliziwa wakati mwingine siku chache kabla ya kuchuma. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri kutoka Kenya baada ya kukuta mabaki ya dawa kupita kiasi, na wakulima wa mauzo ya nje walilazimika kujirekebisha. Somo la tukio hilo ni chungu: mlaji wa mbali alilindwa na maabara, na mlaji wa Makongeni akabaki kulindwa na macho yake. Kiwango cha taifa, KS 1758, kimeandikwa kwa soko la ndani pia. Ukaribu pekee hausafishi mboga, lakini hurahisisha kuifuatilia. Jani lililopita mikono miwili linaweza kurudishwa hadi shambani lilikotoka. Likishachanganywa Marikiti na ya kaunti tano, halina tena mwenyewe.

Yanayohitajika si makubwa. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti masoko na kilimo kwa pamoja, kwa hiyo Kaunti ya Kiambu haina wa kumsubiri. Iweke mizani iliyokaguliwa kwenye vituo vya kukusanyia vya Gatuanyaga, ili sukuma iuzwe kwa kilo ndani ya kreti. Iezeke paa pale mboga zinapoanikwa juani, na ivute maji safi ya kunyunyizia. Itenge saa za alfajiri kwa mkulima kumuuzia mama mboga moja kwa moja, kabla ya rejareja kuanza. Ichukue sampuli za majani na maji, na matokeo yabandikwe langoni mwa soko, Makongeni na Ruiru. Ushuru tayari unakusanywa kila siku kutoka kwa akina mama walioketi juu ya magunia, na ni haki yao kuuona ukirudi kama kivuli na bomba.

Nasema hivi kwa haraka kwa sababu ukaribu wenyewe unauzwa. Kando ya barabara za Gatuanyaga mabango yanatangaza ploti za futi 50 kwa 100, chini kidogo ya sehemu ya nane ya ekari, na mashamba yanakatwa moja baada ya jingine. Huwezi kumlaumu mwenye ardhi ambaye mboga zake hazimlipi. Anayenunua ploti anataka nyumba, na akishahamia atataka sukuma ya jioni hiyohiyo. Ikiwa soko litaendelea kulipia ujazo na kuacha ubichi, shamba la mwisho lililo karibu naye litakuwa limeshapigwa vigingi, na mboga yake itatoka mbali, imeshindiliwa, na katikati ya gunia imeshika njano.