Kuacha Kazi Bila Kuacha Haki

GISENYI – Riziki nyingi katika mji huu wa wilaya ya Rubavu zinatokana na hoteli za ufukweni mwa Ziwa Kivu, kiwanda cha bia cha Bralirwa, chai ya Pfunda na biashara ya mpaka wa Goma. Kazi ikiharibika, mshahara ukachelewa au matusi yakazidi, kishawishi cha mfanyakazi ni kuondoka siku hiyohiyo bila kuaga. Hasira hiyo humgharimu.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamruhusu mfanyakazi kuvunja mkataba, lakini inamtaka atoe notisi kwa maandishi: siku 15 akiwa hajatimiza mwaka, na siku 30 akiwa ametimiza mwaka au zaidi. Anayeondoka ghafla bila sababu inayokubalika anaweza kudaiwa fidia ya siku hizo.

Kwa hiyo maandalizi huanza kabla ya barua. Kwanza, akusanye nakala za mkataba na hati za mishahara. Pili, ahesabu likizo yake, kwani sheria inatoa siku 18 za kazi kwa mwaka, na zile ambazo hakuzitumia hulipwa mkataba unapokwisha. Tatu, aulize RSSB kama michango yake ya pensheni imewasilishwa. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, kufika kwenye mfuko ni jingine.

Nne, ajiwekee akiba, hata kidogo kidogo katika SACCO ya Umurenge, itakayobeba kodi ya nyumba, chakula na ada ya shule. Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025, kutegemea vibarua vya ng'ambo ya mpaka pekee ni kujenga juu ya mchanga.

Mwajiri akikataa kulipa anachodaiwa, mlango wa kubisha ni wa mkaguzi wa kazi wa wilaya, kabla ya mahakama.

Hatimaye, mfanyakazi asitoke bila cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inafungua njia ya kutafuta ajira katika nchi wanachama. Mwajiri wa Kampala au Mombasa hamjui mtu wa Rubavu. Atakachokiona kwanza ni karatasi hiyo.