Wosia kwa Chuo: Masharti Yanapodumu Kuliko Sababu Zake

Mtu anapoandika wosia, yaani hati inayoeleza mali yake igawanywe vipi baada ya kifo chake, na ndani yake akakitengea chuo sehemu ya mali hiyo, huweka agizo ambalo hatakuwapo kulisimamia, hivyo kila neno alilolitumia hubaki mikononi mwa watu asiowajua: wasimamizi wa mirathi kwanza, kisha wadhamini wa chuo, na pengine majaji wa karne nyingine. Aghalabu fedha za namna hii huwekwa katika mfuko wa wakfu, ambao mtaji wake hauguswi na faida yake pekee ndiyo hutumika kuwasomesha wanafunzi au kuwalipa walimu, utaratibu ambao wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua tangu zamani kupitia wakfu za misikiti. Mazungumzo mengi kuhusu wosia kama huo huishia kwenye kiasi cha fedha. Hata hivyo, mambo yaliyotokea katika miji ya Boston na Philadelphia, Marekani, yanaonyesha kwamba kiasi ndicho chepesi kuamua.

Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliyefariki Aprili 1790 akiwa na umri wa miaka 84, aliongeza katika wosia wake kipengele kilichoiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, akizitoa katika mshahara alioupata alipoliongoza jimbo la Pennsylvania, kwa kuwa aliamini kwamba katika dola ya kidemokrasia cheo hakipaswi kuwa chanzo cha kipato. Aliagiza fedha hizo zikopeshwe kwa riba ya asilimia 5 kwa mafundi vijana waliooa, wasiozidi miaka 25, waliohitimu uanagenzi, yaani mafunzo ya kazi chini ya fundi mzoefu, na wenye watu wawili wa kuwadhamini. Riba nayo ikiachwa izae riba, alikadiria kwamba baada ya miaka 100 kila mji ungekuwa na pauni 131,000. Kati ya hizo 100,000 zingetumika kwa kazi za umma, na zilizosalia zingekua kwa karne nyingine hadi kufikia pauni 4,061,000.

Hesabu haikuwa na kosa. Dunia ndiyo iliyobadilika. Viwanda vilipoenea, uanagenzi ulififia, waombaji wenye sifa alizozitaja wakawa adimu, na fedha zikakua polepole kuliko alivyotarajia, hata ilipofika mwaka 1990 mfuko wa Boston ulikuwa na takriban dola milioni 5 na ule wa Philadelphia takriban milioni 2. Lakini kwa Boston palikuwa na jambo jingine. Kuhusu kazi za umma, Franklin alitaja mifano kama madaraja na mifereji ya maji, kisha akawaachia wasimamizi wapime wenyewe lipi lingewafaa wakazi zaidi, na ni kwa mwanya huo kwamba fedha zake, zikiongezewa mchango wa tajiri wa chuma Andrew Carnegie, zilijenga chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1908 na ambacho hadi leo kina jina lake. Chuo hicho kimetokana na wosia usiokitaja popote.

Stephen Girard, mfanyabiashara aliyezaliwa Bordeaux na kufariki Philadelphia mwaka 1831 bila mtoto, hakuacha mwanya wowote. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliitoa ijengwe shule ya bweni ya mayatima, nayo ikapewa jina la Girard College. Akaeleza hadi ukuta utakaoizunguka, akapiga marufuku kiongozi yeyote wa dini kuingia, na akaamuru wapokelewe wavulana maskini wa kizungu peke yao. Jamaa zake waliupinga wosia huo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1844, na shule ikafunguliwa mwaka 1848. Sharti la rangi lilidumu zaidi ya karne moja. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bodi inayoisimamia, ikiwa chombo cha mji, haina haki ya kuwabagua watoto weusi, na jibu lililofuata lilikuwa kuwateua wadhamini binafsi mahali pa bodi hiyo, hila ya kisheria isiyo na sifa yoyote ya kujivunia. Baada ya maandamano ya miezi mingi mwaka 1965 nje ya ukuta ule ule, na kesi nyingine, wavulana weusi wa kwanza waliingia mwaka 1968, na wasichana mwaka 1984.

Ipo kanuni inayoziruhusu mahakama, kusudi la mtoaji linapokuwa haliwezekani tena, kuzielekeza fedha kwenye kusudi jingine lililo karibu nalo, lakini njia hiyo ni ya gharama na huchukua miaka. Ni nafuu zaidi wakili akiandika mapema kwamba wadhamini wanaweza kubadili namna ya kulitimiza kusudi bila kuliacha kusudi lenyewe, na kwamba chuo kitapata fungu la mirathi badala ya kiasi kisichobadilika, ambacho thamani yake huliwa na mfumuko wa bei. Haki za warithi nazo huangaliwa kwanza: sheria ya Kiislamu inauwekea wosia kikomo cha theluthi ya mali, na nchini Kenya tegemezi aliyeachwa bila riziki ya kutosha anaweza kuiomba mahakama impatie fungu, hata kama wosia umekitaja chuo peke yake.