Amplifaya ya gitaa la umeme na stili

Amplifaya ya gitaa ni kifaa kinachopokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye pikapu za gitaa, kuyaongezea nguvu na kuyapeleka kwenye spika. Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua amplifaya moja itakayofaa kwa ala mbili, yaani gitaa la umeme na gitaa stili lenye pedali, hasa katika mazingira ya Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania.

Stili na gitaa la dansi

Stili hupigwa mpigaji akiwa ameketi. Nyuzi zake, kwa kawaida kumi, zimelazwa juu ya fremu yenye miguu. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku pedali za miguuni na vyuma vya magotini vikikaza au kulegeza baadhi yake. Ala hii ilistawi Marekani katika muziki wa country. Barani Afrika inafahamika zaidi kupitia bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, ambamo ilipigwa na Demola Adepoju. Katika muziki wa dansi wa Tanzania si ala ya kawaida: bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na baadaye Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978, zilijengwa juu ya magitaa ya solo, rithimu na besi.

Hata hivyo mpigaji wa dansi anayetaka kuongeza stili ana nafuu kuliko mpigaji wa rock. Solo ya dansi hutaka sauti safi, kila noti isikike peke yake. Stili nayo hutaka hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi.

Akiba ya nguvu

Mpigaji wa stili hutumia pedali ya sauti karibu muda wote. Anapiga noti pedali ikiwa nusu, kisha anaikanyaga polepole kadiri noti inavyofifia, ili sauti ibaki palepale. Kwa hiyo amplifaya lazima iwe na akiba ya nguvu ambayo haijatumika. Isipokuwa nayo, sauti huanza kukwaruza, na kwa kuwa stili hupiga nyuzi mbili tatu kwa pamoja, mkwaruzo huo huzivuruga noti zote.

Ndiyo maana uchaguzi uanzie kwa stili. Amplifaya safi inaweza kuongezewa mkwaruzo kwa kisanduku kidogo cha miguuni pale gitaa linapouhitaji. Amplifaya inayokwaruza mapema haina kisanduku cha kuisafisha.

Wati peke yake hudanganya. Kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu huhitajika takriban mara kumi ya nguvu. Spika nzuri inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko wati zilizoandikwa mbele ya sanduku.

Spika na toni

Gitaa la kawaida hushuka hadi E ya takriban hezi 82. Stili iliyotyuniwa kwa mtindo wa E9 haifiki huko, lakini ile ya C6 hushuka hadi C ya hezi 65 hivi. Juu nako, chuma kinapokaribia pikapu, sauti huwa kali ya kuchoma masikio. Spika ya inchi 15 hupunguza ukali huo na kubeba noti za chini. Peavey Nashville 400, iliyotengenezwa kwa ajili ya stili, hutumia spika hiyo. Wapigaji wengi wa gitaa hupenda inchi 12 kwa wepesi wake. Fender Twin Reverb, yenye spika mbili za inchi 12 na wati 85, imetumika kwa ala zote mbili tangu miaka ya 1960. Roland JC-120 nayo ina spika mbili kama hizo na wati 120, ila haitumii vali bali transista. Muhimu ni kitufe cha sauti za kati kiwe na nguvu ya kweli, kwa sababu stili na gitaa hazitaki mpangilio mmoja.

Barabara na umeme

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko magharibi mwake, penye vilima vya mawe. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Twin Reverb ina uzito wa karibu kilo 29 na vali za kioo, ambazo hazipendi kurushwarushwa nyuma ya gari. Kwa bendi inayosafiri kupiga kwenye harusi msimu wa korosho, transista ni chaguo la busara zaidi, hata kama vali zinasifiwa kwa utamu.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja inaweza kuungua papo hapo. Kabla ya kulipia mtumba, soma kibandiko cha nyuma. Transfoma ya kushusha umeme hutatua tatizo, lakini ni mzigo mwingine wa kubeba. Panapotumika jenereta, stabilaiza ni ya lazima. Amplifaya ya vali isiwashwe bila spika kuunganishwa, wala isifunguliwe na asiye fundi: ndani yake hubaki umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka maradufu hupotea desibeli 6 hivi. Badala ya kununua amplifaya kubwa zaidi, ni rahisi kuweka maikrofoni mbele ya spika na kuipeleka sauti kwenye mixa ya ukumbi au ya muziki wa kukodi.

Kuijaribu dukani

Kama hakuna stili karibu, gitaa na pedali ya sauti vinatosha. Weka sauti ya kiwango cha ukumbini pedali ikiwa nusu, piga kodi ya nyuzi tatu, kisha kanyaga hadi mwisho. Kodi ikibaki safi, ala zote mbili zitapita hapo. Ikikwaruza, muuzaji hupenda kusema itazoea, haizoei.