Kinywe cha Ruangwa katika Hesabu za Wanasayansi

Mwanasayansi wa maada huchunguza jinsi chembe za kitu zilivyopangana, na jinsi mpangilio huo unavyokifanya kitu kiwe kigumu, kilainike au kipitishe umeme. Mchango wake hupimwa kwa makala anazochapisha katika majarida ya kitaalamu, na kwa mara ambazo watafiti wengine wanazirejelea. Madini ya kinywe, yanayopatikana Ruangwa mkoani Lindi, yanadhihirisha nguvu ya kipimo hicho na upungufu wake.

Kinywe ni kaboni, kama almasi ilivyo kaboni. Tofauti iko katika mpangilio: atomi za kinywe zimejipanga katika tabaka za pembe sita zilizolaliana, na tabaka hizo hazikushikana sana. Ndiyo maana kinywe kilicho ndani ya penseli huacha alama kwenye karatasi. Kinywe cha Ruangwa kilitokana na matope yenye mabaki ya viumbe, yaliyofukiwa na kuchomwa kwa joto na mgandamizo mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ukanda huohuo wa miamba unavuka Mto Ruvuma hadi Balama, Msumbiji. Sehemu za Chilalo na Lindi Jumbo, zote wilayani Ruangwa, zinasifika kwa magamba makubwa ya kinywe, ambayo kwa kawaida huuzwa bei ya juu kuliko madogo.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua kinywe kwa utepe wa gundi hadi wakapata tabaka yenye unene wa atomi moja, iitwayo grafini. Makala yao imerejelewa makumi ya maelfu ya mara, na mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Sasa itazamwe kazi ya Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko. Akiwa Grenoble mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba chembe za lithiamu zinaweza kuingia katikati ya tabaka za kinywe na kutoka tena bila kukiharibu. Ncha hasi ya betri za simu na magari ya umeme imejengwa juu ya ugunduzi huo, na gari moja hubeba makumi ya kilo za kinywe. Makala yake ya mwaka 1983 haikaribii hata kidogo idadi ya marejeo ya ile ya grafini. Yazami alishiriki Tuzo ya Draper ya mwaka 2014, lakini Nobel ya Kemia ya mwaka 2019, iliyotolewa kwa ajili ya betri za lithiamu, ilikwenda kwa Goodenough, Whittingham na Yoshino. Hata hivyo, kwa migodi ya kinywe kazi ya Yazami ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa betri ndizo zilizoongeza wanunuzi wa madini hayo.

Kipimo kinachotumiwa sana kilipendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, nacho huitwa kigezo cha h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kigezo hicho humzuia mtu kung'ara kwa makala moja tu, au kwa wingi wa makala zisizosomwa. Lakini hakifai kulinganisha fani tofauti, humpendelea mkongwe kuliko kijana, na hakitambui kama kazi imerejelewa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa.

Tena hakioni utafiti ulio nje ya majarida. Matokeo mengi ya uchunguzi wa kinywe cha Chilalo, au wa nikeli ya Ntaka Hill wilayani Nachingwea, yamo katika taarifa za kampuni kwa wanahisa.  

Tanzania ina watafiti wa maada, wakiwamo wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha. Maswali ya Ruangwa ni ya mahali: mwamba usagweje magamba yasivunjike, na kinywe kisafishweje hadi kifae kwa betri, ambazo huhitaji usafi wa takriban asilimia 99.95. Makala inayojibu hayo ina wasomaji wachache duniani, hivyo hesabu ya marejeo yake itakuwa ndogo, hata kama kiwanda kizima kitaitegemea.