Wanakwaya, Tutunze Masikio Yetu

Mazoezi ya Pasaka, yawe Mbeya mjini au Mafinga kule Iringa, hufanana. Nje kuna mvua na baridi, kwa hiyo madirisha yamefungwa. Kinanda kimeunganishwa na spika mbili kubwa, ngoma ziko kando, na watoto wamesimama mstari wa mbele, hatua moja tu kutoka kwenye spika. Mazoezi yakiisha, baadhi yetu tunarudi nyumbani tukisikia mlio masikioni kama wa nyenje. Asubuhi mlio umekwisha, nasi tunasema tumepona. Hapo ndipo tunapokosea.

Sikio huumiaje?

Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, kama 15,000 katika kila sikio. Hizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzilaza kama majani yaliyokanyagwa. Zikipumzika huinuka, zikikanyagwa kila mara hufa. Zikishakufa haziMei tena, wala hospitali haina dawa ya kuzirudisha.

Kwa kawaida uwezo wa kusikia sauti nyembamba ndio hutangulia kupotea. Mpiga kinanda huona muziki umepoa, akaongeza sauti. Yeye anaridhika, lakini watoto walio mbele ya spika wanaumia. Hivyo ugonjwa wa mmoja huwa wa kwaya nzima, na hakuna aliyesikia maumivu.

Kiasi gani ni hatari?

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na 100 kwa robo saa tu. Kama hatuna kipimo, tumtazame jirani. Ikiwa aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upige kelele, sauti imezidi.

Tufanye nini?

1. Tusogeze spika mbali na waimbaji na kuziinua juu ya vichwa. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Ndani ya kanisa la matofali na bati hupungua kwa kiasi kilicho chini ya hapo, maana kuta huirudisha.

2. Watoto wasisimame mbele ya spika kamwe.

3. Tujifunze nyimbo kwanza bila spika. Sauti za watu zinatosha kwa mazoezi mengi.

4. Tupumzike nje kwa dakika chache kila baada ya muda.

5. Wapiga ngoma na mafundi mitambo wavae vizibo vya sponji vya masikio. Pamba ya kawaida haizuii sauti vya kutosha.

6. Aliyetoka mazoezini asiweke hedifoni masikioni usiku huo. Sikio halijapumzika.

Lini twende hospitali?

Mlio usiokwisha kwa siku kadhaa, kusikia watu wanaongea bila kushika maneno, au kuongeza redio mpaka wenzako walalamike: hizo ni dalili za kwenda kupimwa. Kituo cha afya kinaweza kutoa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, nenda siku hiyo hiyo, kwani matibabu yakichelewa huweza yasisaidie. Tusitie mafuta, maji ya majani wala njiti sikioni.

Wazazi, mtoto akirudi kutoka kwaya tumwulize alisimama wapi. Na viongozi wa kwaya, Jumapili hii kabla ya wimbo wa kwanza, tuhamishe zile spika. Haigharimu hata senti moja.