Bei ya gari bovu siyo ile anayokutajia muuzaji

Leo siongelei picha za bidhaa wala nauli za mizigo, naongelea gari. Nivumilieni, linahusu mtaji.

Mwezi wa tatu dalali mmoja alinirushia picha WhatsApp. Toyota Celica ya miaka ya 80, milango miwili, ile yenye taa zinazochomoza juu ukiwasha. Imepaki chini ya mwembe Makambako, rangi nyekundu imepauka. Milioni tatu na nusu. Jamani! Gari la spoti la namna ile nimelipenda tangu niko kidato cha pili, nilikuwa nalichora nyuma ya daftari la Jiografia. Usiku ule sikulala.

Shida ni kwamba nilikuwa na milioni nne, na hiyo milioni nne ndiyo duka zima. Mnaouza huku Ubaruku mnanielewa. Mwezi wa tatu watu hawana hela, hela yao bado imesimama kwenye majaruba. Mpunga ukishavunwa na mashine za kukoboa zikaanza kunguruma, hapo ndipo mtu anakuja na laki mbili taslimu anataka viatu vya watoto wote na spika juu. Msimu ukikukuta huna mzigo, umeukosa mwaka.

Nikajiambia naenda kuangalia tu. Nikamchukua fundi wangu wa Rujewa, nikamlipa nauli na elfu thelathini ya kutwa. Hiyo elfu thelathini ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Tumefika, mwenye gari ni mzee mmoja mcheshi. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, gari ndiyo hiyo, inajieleza yenyewe." Fundi hakuhangaika na injini kwanza. Alitoa kisumaku cha spika mbovu, akakifunga kitambaa kisikwaruze rangi, akawa anakiburuza taratibu kwenye bodi. Mlangoni kinashika. Juu ya tairi la nyuma kinadondoka. Akarudia, kikadondoka tena. "Kaka, hapa hamna bati, hapa umeuziwa puti." Akainua kapeti chini ya miguu ya dereva, akabonyeza, kidole kikatokea upande wa pili nikaona majani.

Kama hujui magari, nikueleze. Gari dogo kama lile halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo sakafu ikiliwa na kutu hujaharibikiwa urembo, umeharibikiwa mifupa.

Injini ilikuwa afadhali. Alichomoa plagi, akaizungusha kwa spana ya mkono, ikazunguka. Akasema ya injini yasinitishe, spea za Toyota utahangaika lakini utapata. Vinavyoua ni vile vya gari hilo tu: kioo cha nyuma, mipira ya milango, mota ya taa ya kuchomoza. Na moja ya taa hizo ilikuwa imekufa ikiwa nusu imefunguka, kama mtu anayekukonyeza.

Tukakaa pembeni tukapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti. Bati na kuchomelea laki tisa. Rangi laki nane. Breki zote, maana zilikuwa zimeganda, laki nne na nusu. Tairi nne laki nne na themanini. Umeme laki mbili na nusu. Kulivuta mpaka Ubaruku laki tatu. Jumla 3,180,000. Yaani gari la milioni tatu na nusu limeshakuwa la karibu milioni saba, na taa bado sijanunua.

Halafu kadi. Ina jina la mtu mwingine kabisa, mzee mwenyewe ni mnunuzi wa tatu na hakuna aliyewahi kubadilisha umiliki TRA. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuanze na kadi." Akanuna. "Basi, wenzako wa Mbeya wanakuja kesho." Kila muuzaji ana wateja wake wa kesho. Hata mimi nimeshaandika hivyo kwenye posti zangu, mnisamehe.

Kwenye basi nilikuwa nimenyong'onyea. Nikamuuliza fundi, mbona kuna watu wanachukua gari lililotumika na linawatoa? Akanipa habari ya Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1964 Volvo walileta magari yao ya PV544 kwenye Safari Rally, hayakufua dafu. Joginder na ndugu yake Jaswant wakachukua mojawapo, limeshakula vumbi na mashimo ya mashindano ya mwaka uliopita, wakalitengeneza. Mwaka 1965 wakaingia nalo kwenye mashindano yaleyale, Kenya, Uganda na Tanzania, tope la masika, na wakashinda. Jamaa akaja kushinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Ukiisikia haraka unaona kama ni bahati ya mtumba. Mimi niliposhuka Igawa nilikuwa naiona tofauti. Joginder alikuwa fundi, ufundi alijifunza kwenye gereji ya baba yake. Gari lilimfikia limeshatumika, na ile kazi ya ghali ilikuwa mikononi mwake mwenyewe. Anafungua, anaona, anajua hiki kinadumu na hiki hakidumu. Mimi ninachojua kwa mikono yangu ni kupiga picha viatu vikapendeza.

Na hapo nikakumbuka mwaka jana nilivyonunua simu kumi na mbili zilizotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar, eti bei ya kutupa. Sijui kufungua simu. Tano zilikuwa maiti. Viatu vya mtumba mbona sipigwi? Kwa sababu soli naijua, gundi naijua, nikikunja kiatu nasikia kama kitapasuka. Kabla hujatuma hela ya mzigo uliotumika, jiulize ni nani atakayeufungua, na yeye unamlipa shilingi ngapi. Hiyo nayo ni bei ya mzigo.

Milioni nne ikaenda kwenye viatu. Mwezi wa sita na wa saba sikukaa chini.

Wale wenzangu wa Mbeya hawakutokea. Wiki iliyopita dalali amenitumia picha nyingine, mwembe uleule, majani yamefika kwenye bampa, bei sasa milioni mbili na laki nne. Nimemjibu anitumie picha ya kadi. Ameisoma, hajajibu.