Viambato vya Vidonge vya Vitamini vya Watoto

Lebo ya vidonge vya vitamini vya kutafuna huorodhesha vitu vya namna mbili. Kwanza ni vitamini na madini yenyewe. Hivi tunapendekeza viitwe viambato amilifu. Pili ni rangi, ladha na vitia utamu. Hivi viitwe viambato visaidizi. Neno "viungo" halifai, kwani msomaji atadhani ni bizari na iliki.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Dioksidi ya titani, itiayo kidonge weupe, ilipigwa marufuku katika vyakula na Umoja wa Ulaya mwaka 2022, kwa kuwa haikuthibitika kwamba haidhuru chembe za urithi. Nayo aspatamu, ambayo ni kitia utamu, hutoa fenilalanini mwilini, nayo humdhuru mtoto mwenye ugonjwa wa fenilketonuria. Mfasiri asiliache onyo hilo.

Aidha, vidonge hivi visiitwe "peremende". Mtoto akipewa peremende huomba ya pili na ya tatu, ilhali madini ya chuma yakizidi yaweza kumwua. Jina lifaalo ni "vidonge vya kutafuna".